MTOTO HASIKII, AU HATAKI KUSIKIA?

Mwezi huu tunaanza na habari ya bibi mmoja wa kijiji kimoja cha wilaya ya Butiama. Jina lake hatulitaji kwa kuwa ndivyo alivyotuomba, ila ametupa ruhusa tuwasimulie yaliyomkuta. Bibi huyu anamlea mjukuu wake wa kiume, mtoto wa binti yake anayefanya kazi mbali na nyumbani. Mtoto alikuwa na afya njema, mwepesi wa mbio, na alipofika miaka mitatu tayari alikuwa akiwafuata wakubwa kwenda kuchunga mbuzi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwa mtiifu. Akiitwa haji. Akikatazwa haachi. Akitumwa kata ya maji anamtazama bibi yake usoni na kucheka.

"Nilimchapa," bibi alituambia, akiwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. "Nilimchapa wanangu, tena si mara moja. Nilisema huyu ana kiburi cha babu yake. Sikujua kwamba namchapa mtoto ambaye hajawahi kulisikia jina lake."

Mtoto alikuwa amekaribia miaka minne ndipo mwalimu wa darasa la awali alipogundua jambo. Alikuwa akimwita kwa nyuma, mtoto hageuki. Lakini kivuli cha mwalimu kikipita mbele yake, mtoto anageuka upesi kuliko wenzake wote. Mwalimu akamfuata bibi nyumbani, akamsalimu shikamoo, akakaa, akasema kwa upole: "Bibi, huyu mtoto si mkaidi. Mpelekeni akapimwe masikio."

Hapo ndipo swali lilipozuka, na ndilo swali la ukurasa wetu mwezi huu. Mtu mzima akipimwa masikio huvalishwa spika za masikioni, naye hunyanyua mkono kila anaposikia mlio. Mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye hajui neno hata moja, utamwelezaje anyanyue mkono? Na mtoto wa wiki mbili je?

Jibu lipo, na si la jana. Mtoto haulizwi. Unaulizwa ubongo wake.

UZIWI HAUONEKANI

Kabla ya kueleza kipimo hicho, tuseme kwanza kwa nini familia nyingi huchelewa. Sisi wa Mara tumezoea kuwaona watoto wasioona wakisoma. Shule ya Msingi Mwisenge pale Musoma, ambayo Mwalimu Julius Nyerere alianza kusoma mwaka 1934, imejulikana kwa muda mrefu kwa kuwapokea wanafunzi wa namna hiyo. Mtoto asiyeona hutambuliwa na mama yake mapema, maana macho yake hayamfuati. Mtoto asiyesikia anakutazama, anacheka, ananyonya vizuri, anatambaa na kusimama kwa wakati wake. Huna sababu ya kumtilia shaka.

Tena anakudanganya bila kukusudia. Watoto wote wachanga, hata wale viziwi kabisa, hutoa sauti za "aa" na "uu" katika miezi ya kwanza. Mama husikia sauti hizo akafurahi kwamba mtoto anaanza kuongea. Kumbe kwa mtoto asiyesikia sauti hizo hupungua badala ya kukua na kuwa "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma". Wengine humjaribu mtoto kwa kugonga sufuria nyuma yake, mtoto anageuka, nao wanasema, "Si mnaona? Anasikia!" Hawakumbuki kwamba mtoto ameuona mkono ukipita, au amehisi mtikisiko wa sakafu, au upepo wa mfuniko umempiga shingoni. Mtoto asiyesikia hutumia macho na ngozi yake kwa ustadi mkubwa.

Basi mama aangalie hivi. Mtoto mchanga hushtuka mlango unapobamizwa. Akiwa na miezi mitatu au minne hutulia anaposikia sauti ya mama yake hata kabla hajamwona. Akifika miezi sita huugeuza uso kuelekea upande sauti inakotoka. Karibu na miezi tisa huunganisha silabi, na akitimiza mwaka au zaidi kidogo huanza kutamka neno moja moja. Mtoto akipitwa na hatua hizi, usikubali kuambiwa kwamba watoto wa ukoo wenu huchelewa kuongea. Inawezekana ni kweli, lakini kwanza apimwe, hayo ya ukoo yafuate baadaye.

Kwa nini haraka yote hii? Ubongo wa mtoto hujifunza lugha katika miaka ya kwanza ya maisha, na muda huo ukipita bila lugha, hasara yake ni ngumu kuifidia. Mwaka 1998 mtafiti Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa jimbo la Colorado, Marekani, walitangaza kwamba watoto wenye upungufu wa usikivu waliogunduliwa kabla ya miezi sita na kuanza kusaidiwa, walikuwa na lugha bora kuliko wale waliogunduliwa baadaye. Ndiyo maana wataalamu wanashauri mtoto achunguzwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi mmoja, akionekana na shaka athibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Mjukuu wa bibi yetu alikuwa amechelewa kwa zaidi ya miaka mitatu.

SIKIO HUPOKEA, UBONGO HUSIKIA

Sauti ikiingia sikioni hutikisa ngoma ya sikio. Ngoma hutikisa vijifupa vitatu vidogo sana, navyo hupeleka mtikisiko kwenye kiungo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Humo ndani mna chembe zenye vinyweleo laini, nazo hugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo. Umeme huo hupita katika mshipa wa fahamu wa usikivu, huingia kwenye shina la ubongo, hupanda kituo kwa kituo mpaka sehemu za juu za ubongo ambako mtu hutambua kwamba hii ni sauti ya mama, ile ni ya radi.

Kwamba ubongo hutoa umeme, na kwamba umeme huo unaweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa bila kupasua wala kutoboa, ilionyeshwa na daktari Mjerumani, Hans Berger, aliyeanza vipimo vyake kwa binadamu mwaka 1924. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Jewett na Williston, walieleza kwa makini mawimbi madogo yanayotoka kwenye shina la ubongo mara baada ya sikio kupokea mlio mfupi. Mawimbi hayo hutokea yote ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, Hecox na Galambos walionyesha kwamba njia hiyo inafaa kupima watoto wachanga.

Umeme huo ni mdogo kiasi gani? Betri ya kawaida ya tochi ina volti moja na nusu. Wimbi la ubongo tunalolisema halifiki hata sehemu moja ya milioni ya volti. Wakati huohuo ubongo unafanya kazi nyingine elfu, misuli ya shingo inakaza, moyo unadunda, na taa ya ukutani nayo inatoa umeme wake. Wimbi dogo linapotea humo kama sauti ya mtoto anayeita ufukoni Mwigobero siku ya upepo mkali.

Tuendelee na mfano huohuo wa ufuko. Tuseme yule mtoto anaita neno lilelile mara elfu mbili, na kila mara unaandika ulichosikia tangu alipofungua mdomo. Mawimbi ya ziwa hayana mpango. Safari hii yanapanda, safari nyingine yanashuka. Ukizijumlisha zile mara elfu mbili, kupanda na kushuka kwa maji kunafutana. Sauti ya mtoto, kwa kuwa inakuja kila mara kwa wakati uleule, haifutiki. Mashine hufanya hivyo hivyo. Hupiga milio mifupi sikioni, tik-tik-tik-tik, mamia na maelfu, hujumlisha majibu ya ubongo, na polepole wimbi linajitokeza kwenye kioo. Kisha sauti inapunguzwa, na kipimo kinarudiwa, mpaka ifike mahali ambapo wimbi halionekani tena. Hapo mtaalamu anajua mtoto anasikia mpaka wapi.

NYAYA ZA KICHWANI

Bibi yetu alipoona nyaya zinabandikwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio ya mjukuu wake, alisimama. Alikuwa amesikia mengi kuhusu umeme na vichwa vya watu. "Niliwauliza, mwanangu, mnamtia umeme? Mnamtoa nini humo kichwani?" Muuguzi alimshika mkono akamwambia, "Hapana bibi. Nyaya hizi hazipeleki kitu. Zinasikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza moyo." Akabandika waya mmoja mkononi mwake mwenyewe ili bibi aone. Bibi akakaa.

Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tumewasikia wazazi waliokataa kipimo kwa hofu hiyo. Kipimo hakiumizi. Hakisomi mawazo ya mtu. Hakichukui damu. Ngozi husuguliwa kidogo kwa dawa ya kusafishia ili vibandiko vishike, na huenda mtoto akalia kwa sababu hiyo tu.

Lililo gumu ni usingizi. Mtoto anatakiwa atulie kabisa, na njia iliyo bora ni alale, maana kila akijitikisa misuli yake hutoa umeme unaolifunika lile wimbi. Safari ya kwanza ya bibi ilikwenda bure. Walikuwa wamesafiri usiku kucha, mtoto alilala ndani ya basi, na walipofika hospitalini alikuwa macho kama samaki. Alizivuta nyaya, akazitupa. Walirudi nyumbani nauli imekwisha na kazi haijafanyika, na ilipita miezi kadhaa mpaka bibi alipouza mbuzi wawili ndipo wakarudi. Hakuna aliyekuwa amemwambia mapema kwamba mtoto apelekwe akiwa na usingizi. Basi sisi tunawaambia: mkipewa siku ya kipimo hicho, mtoto asilale njiani. Mchezeeni, mwamsheni. Anayenyonya anyonyeshwe hapohapo kabla ya kuanza, atalala mwenyewe. Kwa watoto wakubwa kidogo hospitali inaweza kutoa dawa ya usingizi, na hapo mzazi aulize mapema kama mtoto aje bila kula, akifuata maelekezo ya daktari.

MASHINE INAYOJIFUNZA

Kuyasoma mawimbi yale ni kazi ya mtaalamu, na wataalamu wa usikivu katika nchi yetu ni wachache mno ukilinganisha na watoto wanaozaliwa. Mtaalamu akiwa mmoja na watoto ni maelfu, kipimo kizuri hakiwafikii. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 zilitengenezwa mashine zinazosoma zenyewe. Mashine hizo za kwanza zilipewa kielelezo cha wimbi la mtoto anayesikia. Zilipiga mlio wa desibeli 35, yaani sauti ndogo iliyo karibu na mnong'ono, zikalinganisha jibu la ubongo na kielelezo, zikatoa neno moja kati ya mawili: amepita, au apelekwe kwa uchunguzi zaidi. Muuguzi aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kuitumia.

Siku hizi kumeongezeka jambo jingine, linaloitwa akili mnemba, au mashine inayojifunza. Wasomaji wa Bunda wataielewa upesi tukiwakumbusha karani wa kununua pamba. Karani mpya hupewa maelezo ya pamba safi na pamba fifi, lakini maelezo hayamtoshi. Hukaa karibu na karani mzoefu, anaona lundo hili limeitwa safi, lile limeitwa fifi, leo, kesho, msimu mzima, mpaka jicho lake linazoea. Siku moja analetewa lundo ambalo hajapata kuliona, naye anatamka bila kusita. Mashine inayojifunza hufundishwa hivyohivyo. Hupewa maelfu ya michoro ya mawimbi ambayo wataalamu wameshaiandikia majibu: huyu anasikia, huyu hasikii, huyu anasikia sauti nene lakini nyembamba hazisikii. Inajirekebisha kila inapokosea, mpaka inaweza kusoma mchoro mpya wenyewe. Inaweza pia kutambua mapema kwamba jibu limeshapatikana na kipimo kisimame, jambo linalopunguza muda. Kwa mtoto anayeamka baada ya dakika kumi, dakika tano zina thamani kubwa.

Lakini turudi kwa karani. Kama amefundishwa kwa pamba ya shamba moja tu, iliyovunwa wakati wa kiangazi, atafanya nini ikija pamba iliyonyeshewa? Atakosea, tena kwa kujiamini. Mashine iliyofundishwa kwa watoto wa hospitali tulivu za Ulaya na Marekani, katika vyumba vilivyokingwa kelele na umeme, inaweza kuyumba ikiletwa kwenye wodi ambako jenereta linanguruma na watoto watatu wanalia. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mashine fulani ni nzuri, ni haki yetu kuuliza: ilijaribiwa kwa watoto wa wapi? Na majibu yake yanathibitishwa na nani? Sisi kwa maoni yetu tunaipokea kwa furaha mashine inayomsaidia muuguzi. Inayomwondoa mtaalamu kabisa bado hatujaielewa.

Jambo jingine la kushika ni kwamba "apelekwe" si "kiziwi". Mtoto aliyezaliwa jana anaweza kuwa na majimaji ya uzazi sikioni, akashindwa kipimo leo na kupita baada ya siku chache. Akina mama wengine huambiwa neno hilo wakarudi nyumbani wakilia, wengine hawarudi tena hospitalini. Rudini. Kipimo cha kwanza ni kama chekeche, kazi yake ni kuwatenga wachache ili wachunguzwe vizuri.

MWANGWI WA SIKIO, NA HATARI YA MANJANO

Huenda baadhi yenu mmeona kipimo kingine, chepesi zaidi, cha kifaa kidogo kinachowekwa sikioni bila nyaya za kichwani. Hiki hutegemea maajabu yaliyogunduliwa na David Kemp huko London mwaka 1978: sikio zima likipokea mlio, lenyewe hurudisha sauti ndogo sana, kama mwangwi. Kifaa kikiusikia mwangwi, konokono ya sikio ni nzima. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba hata simu ya mkononi pamoja na spika za masikioni za bei nafuu zinaweza kuunasa mwangwi huo. Hiyo ni habari njema kwa zahanati zetu za vijijini.

Hata hivyo mwangwi hufika sikioni tu. Hauulizi kama habari imefika ubongoni. Na hapa tunawaomba akina mama wasikilize kwa makini. Mtoto mchanga akipata manjano kali, ile sumu ya njano inaweza kuharibu mshipa wa usikivu na shina la ubongo huku sikio lenyewe likibaki zima. Mtoto huyo atapita kipimo cha mwangwi, mama ataambiwa hana tatizo, na bado mtoto hatasikia maneno. Kipimo cha ubongo ndicho kitakachomtambua. Hivyo mtoto aliyewahi kuwa na manjano kali, au aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyechoka sana wakati wa kuzaliwa akachelewa kulia, mama yake aseme wazi mbele ya mpimaji. Na mtoto akionekana wa njano machoni na mwilini, asikae nyumbani akianikwa juani siku baada ya siku. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

SI KWA WATOTO TU

Hapa Tanzania kipimo cha ubongo kimetumika pia kwa watu wazima, na matokeo yake yamezungumzwa duniani. Kwa miaka mingi watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Dartmouth, Marekani, wamechunguza usikivu wa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wapo waliolalamika kwamba hawaelewi vizuri mazungumzo, ingawa masikio yao yakipimwa kwa njia ya kawaida yanaonekana mazima. Mwaka 2020 watafiti hao, pamoja na maabara ya Nina Kraus ya karibu na Chicago, walichapisha matokeo ya kipimo ambamo mtu husikilizishwa silabi fupi huku umeme wa ubongo wake ukipimwa. Watu wote walikuwa na usikivu wa kawaida, lakini majibu ya ubongo ya wenye virusi yalitofautiana na ya wasio navyo. Sikio lilikuwa limepokea, na ubongo ulikuwa na shida katika kuipanga sauti.

Tunaitaja habari hii kwa sababu katika jumuiya zetu wapo ndugu wanaosema, "Nasikia, ila sielewi mnachosema mkiwa wengi," nao huchekwa. Wasichekwe.

MZAZI AFANYE NINI?

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilisema kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, milioni 34 kati yao wakiwa watoto, na kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Kuzuia kwenyewe kunaanzia kliniki. Tangu mwaka 2014 watoto wetu huchanjwa surua pamoja na rubela, ugonjwa ambao ukimpata mama mjamzito katika miezi ya mwanzo unaweza kumzaa mtoto kiziwi. Chanjo ya kukinga vichomi iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013 hukinga pia baadhi ya homa za uti wa mgongo, ambazo zikimwacha mtoto hai mara nyingi humwacha bila masikio. Mtoto aliyepona uti wa mgongo apimwe usikivu mapema, asisubiri.

Zipo dawa zinazookoa maisha ambazo zikizidi zinaweza kuumiza sikio, kama jentamisini na kwinini. Hatusemi mzikatae. Daktari akimchoma mtoto jentamisini kwa ugonjwa mkali, amwokoe kwanza. Tunachokataza ni kununua sindano dukani na kuchomana wenyewe kwa wenyewe. Na sikio linalotoa usaha halitibiwi kwa mafuta ya taa, mkojo, wala maji ya majani. Halichokonolewi kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Lipelekwe zahanati.

Ukimtilia mtoto wako shaka, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze bila kuficha, uombe barua ya rufaa. Kwa sisi wa Musoma, Bunda na Butiama, hospitali kubwa ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, ambako kuna madaktari wa masikio, pua na koo. Kabla ya kupanda basi, mtu apige simu au amwombe mganga wa kituo aulize mambo haya: kipimo cha usikivu cha mtoto mdogo kinafanyika siku gani, mashine inafanya kazi wiki hii, gharama ni kiasi gani, na bima inakubaliwa? Mbuzi wawili si kitu cha kuuzwa kila mara.

Na akishagunduliwa? Wengine hufaa kuvaa shime sikio. Wachache ambao konokono ya sikio imeharibika kabisa huweza kupandikizwa kifaa kwa upasuaji. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kazi hiyo mwaka 2017, ambapo kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Upasuaji huo hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo. Na wapo ambao lugha yao itakuwa Lugha ya Alama, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake na si ishara za kubahatisha. Kanisa lilitambua hili mapema: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963. Vipimo visipofuatwa na shime sikio, shule au lugha, vinabaki kuwa karatasi ya kuweka sandukuni.

Safari ya pili ya bibi ilifanikiwa. Mtoto alilala mapajani mwake, milio ikapigwa sikio la kulia, kisha la kushoto, sauti ikapandishwa na kupandishwa. Mchoro ulibaki umenyooka mpaka sauti ilipofika juu sana, ndipo kikaonekana kilima kidogo. Bibi hakuelewa michoro, ila aliutazama uso wa mpimaji. "Nikajua," alituambia.

Mtoto sasa ana miaka saba. Anavaa shime sikio, ambalo humsaidia kusikia honi na ngoma lakini si maneno, na anasoma shule ya bweni pamoja na watoto wenzake wanaoongea kwa mikono. Likizo iliyopita alikuja nyumbani akamfundisha bibi yake alama tisa. Tulipokuwa tukiaga, bibi alituonyesha alama hizo moja moja, akihesabu. Njoo. Kula. Maji. Mbuzi. Lala. Kesho. Mama. Pole. Ya tisa ni alama ya jina lake mwenyewe, aliyopewa na mjukuu: kidole kikigusa shavu mahali bibi alipo na kovu dogo.